Mtani Aliyemlea Mama

Mama yangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu apooze siku alipoitwa gunia la muhogo ulioloa. Aliyemwita hivyo alikuwa mwanamke mgeni kabisa kwetu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mama, nyumbani Nachingwea, ndala mkononi, miguu ina vumbi jekundu mpaka karibu na magoti. Alimtazama mama pale kitandani, akamtazama kaka yangu, akanitazama mimi, kisha akasema:

"Ndiyo huyu? Mbona mmenidanganya? Nimeambiwa kuna mama mgonjwa, kumbe gunia la muhogo ulioloa. Nani atalibeba hili?"

Kaka aliinamisha kichwa. Mimi nilipandwa na hasira. Na mama, ambaye kwa wiki nyingi mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja kama pazia lililokatika uzi, alitoa sauti ambayo sikuitambua upesi. Nilidhani amepaliwa. Nikamkimbilia na kikombe cha maji. Alikisukuma kikombe kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, ili aendelee kumwona yule mwanamke vizuri. Alikuwa anacheka.

Tulimwita Mtani. Jina lake nalijua, lakini nyumbani kwetu halikuwahi kutumika, na nikiliandika hapa litakuwa la mtu mwingine.

Ilikuwa hivi. Mama alipotoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Hospitali walisema kazi yao wameimaliza: dawa za presha ameandikiwa, zahanati ipo karibu, kilichobaki ni mtu wa kukaa naye. Mtu wa kumwosha, kumlisha, kumgeuza asipate vidonda vya kulala, kumshika anapotaka kujisaidia. Wakalitamka hilo kama kitu chepesi. Kaka ndiye aliyekuwa akiishi na mama. Ana duka la spea za pikipiki pale mjini. Lakini kaka ni mwanamume, hawezi kumvua mama yake nguo. Mkewe ni mkwe. Mwanamke ambaye akipita mbele ya mama aliinama, angemwogeshaje? Binti ni mimi, na mimi naishi Dar es Salaam. Niliomba ruhusa kazini, nikaja, nikakaa, ruhusa ikaisha.

Ndugu zetu wa Mkotokuyana walituma ujumbe mkali. Kumlipa mtu baki amwoshe dada yao, walisema, ni kumtupa. Mleteni huku. Kaka alikwenda kuwaona. Akakuta kijiji chote kinatoka kwenda shamba alfajiri, na chumba walichomtengea mama kitakuwa na mama peke yake mpaka jua la utosi. Akarudi akaniambia, "Huko watampenda, lakini nani atamgeuza?" Hilo ndilo lililotufanya tutafute mtu.

Alikuja kwanza binti mmoja kutoka Ruponda, jamaa wa mbali upande wa baba. Mtoto mwema mno. Kila mama alipochafua shuka, binti yule alilia kwa huruma, na mama akilia naye, mpaka kaka akasema tumeajiri msiba. Akafuata mwanamke niliyemtafuta mimi mwenyewe, aliyesomea kazi ya kulea wazee, ana glavu, ana sauti ya pamba. "Bibi, sasa tunaoga, sawa, bibi?" Nilimpenda. Mama alifumba macho tangu yule anaingia mpaka anatoka, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Siku ya uamuzi, huyo mwenye glavu alikuwa amekaa sebuleni, nami nimeshamaliza kumsifu, ndipo Mtani akafika bila kuitwa. Alikuwa amesikia sokoni kwamba kuna Mmwera ameanguka. Yeye ni Mmakua.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: Mmakua na Mmwera ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe usinune. Anaweza kumkamata kuku uani kwako akaondoka naye huku akikuaga. Ukifa, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, yeye ana haki ya kuuchezea msiba wako. Na kwa sababu hana haya nawe, lile ambalo mwanao hawezi kuliona, mkwe wako hawezi kuligusa na jirani ataliona aibu, mtani analishika kama anavyoshika mwiko. Sisi tulikuwa tukitafuta mtu mwenye huruma, tena mwenye ujuzi. Hakuna kati yetu aliyefikiria kutafuta mtu asiye na haya.

"Sikuja kuomba kazi," alisema baada ya kile kicheko cha mama. "Nimekuja kumcheka mtani wangu. Mkitaka nikae, nitakaa. Lakini tusidanganyane. Mimi si nesi. Kidonge simpi mtu, sindano siijui, presha sipimi. Hayo ya mwanawe na ya zahanati. Mimi nitamwosha, nitamlisha, nitamgeuza, nitamtukana. Basi."

Kaka akamwambia mama achague. Tukasimama pale wote, mimi nimemshika bega yule mwenye glavu. Mama hakuwa na maneno siku zile. Aliinua mkono wa kushoto polepole, ukitetemeka, ukanipita mimi, ukampita yule niliyemleta, ukasimama kwa yule aliyemwita gunia.

Sijawahi kuchaguliwa namna ile na mama yangu. Mtoto hachaguliwi, huzaliwa tu.

*

Nikifika Nachingwea, na nilijitahidi kufika mara nyingi kuliko mfuko wangu ulivyotaka, jambo la kwanza nililoliona uani lilikuwa kanga za mama. Zilikuwa mwilini mwa Mtani. Alizivaa bila kuomba, haki ya utani, na siku moja nikitokea barabarani nilimwona mwanamke amenipa mgongo, anaanika shuka, ana ile kanga ya zambarau niliyompelekea mama mwenyewe. Nikaita, "Mama!" nikijua kabisa kwamba mama hasimami. Aliyegeuka alikuwa yeye, kibanio cha nguo mdomoni.

"Abee, mwanangu," akajibu, akacheka mpaka kibanio kikaanguka.

Nilimwamkia kwa heshima, maana umri wake ulikuwa wa mama. Shikamoo yangu aliikataa kila mara. "Ya nini hiyo? Mimi nakula sukari yenu, navaa nguo zenu, unanipa na shikamoo juu? Utaishiwa."

Na kweli sukari alikula. Alichota mbele ya macho yetu, akaifunga kwenye karatasi, akatangaza: "Naiba." Mshahara nao hakuupokea kama watu. Kaka alipompa, alipiga yowe la kuita majirani kwamba Wamwera wamelipa faini. Mwanzoni niliona ni vurugu. Baadaye nikaona kwamba ndugu wa Mkotokuyana, wale waliosema tunamlipa mtu baki, walikuwa wamenyamaza. Mtu anayeiba sukari yako na kukutoza faini si mwajiriwa. Ni mtani. Aibu ilikuwa imepata mlango wa kutokea.

Uji wa mama aliuonja kwanza yeye. Kijiko kizima. "Nijue kama mkwe wako ametia sumu," alisema kwa sauti ya kusikika jikoni, na wifi yangu akajibu kutoka huko, "Ya leo nimekuwekea wewe, Mtani!" Hapo ndipo mama alipofungua mdomo. Kuoga, alitundika kanga mlangoni, na kutoka nyuma ya kanga ile ilitoka sauti ya maji, na ya matusi, na ya mama kucheka kwa nusu ya mdomo. Nilikaa sebuleni nikisikiliza. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima ili niwe karibu na mama, nami nimeketi kwenye kochi, natazama kanga inavyocheza na upepo.

Alikuwa na misemo yake, mingine ya kwao, mingine nadhani aliitunga papo hapo. "Ukimhurumia mtu kutwa, jioni utamkuta amekufa." Au, nikimpangusa mama mate haraka haraka: "Mwache, ayasikie mwenyewe. Mdomo ni wake." Hilo la mwisho liliniuma sana, maana mama baada ya kitambo aliinua kweli mkono, akajipangusa.

Nisije nikamchora malaika. Msimu wa mabibo alinuka uraka, pombe ya mabibo hayo, tangu asubuhi, na akija amechelewa alisingizia barabara, kana kwamba barabara ya kutoka kwake ilikuwa ikirefuka usiku. Mchana alilala. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mama na kukoroma, na mama alijiwekea kidole mdomoni ili tusimwamshe. Alikuwa mgomvi. Siku moja alimweka mama uani aote jua, akaanza kubishana na jirani kuhusu kuku, na ubishi ukanoga mpaka jua likahama na kumkuta mama usoni. Nilipofika nikakuta paji la uso limekuwa jekundu. Nilipiga kelele. Nakiri kelele ile ilikuwa na furaha ndani yake. Hatimaye nilikuwa na sababu.

"Huyu aondoke," nilimwambia kaka. "Amemuunguza mama."

Kaka akamgeukia mama. "Mama, Mtani aondoke?"

Mama alitutazama kwa ule uso wake uliopata moto, akatikisa kichwa, akamnyooshea Mtani ngumi. Mtani akaidaka ngumi ile, akajipiga nayo kifuani mara kadhaa, akasema, "Haya, umelipiza. Tumemaliza." Nami nikabaki na kelele zangu.

Aliyetukana watu wote wa mtaa aliogopa ng'ombe kuliko kifo. Wafugaji waliotoka kanda ya ziwa wakipitisha mifugo karibu na kwetu, Mtani alipanda juu ya kigoda. Aliwasema vibaya, kwamba ng'ombe wao wamemaliza kunde za watu, kwamba wamekuja na fimbo badala ya majembe. Lakini uji wa mama ulikuwa lazima uwe na maziwa, na maziwa lazima yawe ya kijana mmoja wa Kisukuma aliyepita na baiskeli, si ya mwingine.

"Wewe mla majani," alimwita, "leo umetia maji kiasi gani?"

"Mama, hata sisi watani wetu tunao," kijana alijibu huku akipima. "Wewe bado hujapanga foleni."

"Basi nipange kwa nani?"

"Nenda Unyamwezini ukaombe kibali."

Alimpenda kijana yule kwa jibu hilo. Aliheshimu mtu mmoja tu duniani, mtu anayejua kujibu.

Alikuwa Mkristo, mama Mwislamu. Wakati wa sala alimletea mama maji, akamwelekeza mkono wa kushoto kufanya udhu wa upande mmoja na upande mwingine akamfanyia yeye, akageuza kitanda kidogo kuelekea kibla, kisha akakaa nje ya mlango na fimbo kuwafukuza kuku. Mwenyewe Jumapili hakwenda kanisani. Nilimuuliza kwa nini. "Mungu wangu ananijua," alisema. "Wa mtani wangu ana saa."

*

Kuhusu kitimwendo. Nilikinunua Dar es Salaam, nikakisafirisha kwenye buti la basi, nikakipangusa vumbi stendi kabla ya kukiingiza nyumbani. Nilikuwa nimeshaiona picha yake kichwani: mimi nasukuma, mama amekaa, tunapita barabara nyembamba kwenda kuwasalimia watu. Mama alikitazama, akageuza uso ukutani. Nilimbembeleza siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Nilimweleza bei, nikamweleza afya, nikapiga magoti. Ukuta.

Mtani alikuwa akinitazama tu, anatia ugoro puani. Siku iliyofuata alikichukua kile kiti, akakaa yeye. Akakunja miguu, akajifunga kanga ya mama kichwani, akaanza kuugua kwa sauti: "Jamani, nami nimepooza! Nisukumeni! Mwenye kiti hakitaki, nimerithi mimi." Akajisukuma kutoka mlango hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, akigonga kitanda makusudi. Mama aligeuka. Uso wake ulianza kufanya kazi, nusu moja ikivuta nyingine. Kisha likatoka neno, zima, lenye silabi zote mbili, neno la kwanza alilolisema sawasawa tangu aanguke.

"Toka."

Jioni ile mama alisukumwa mpaka dukani kwa kaka. Majirani walitoka kumpungia. Aliyesukuma alikuwa Mtani. Mimi nilitembea pembeni nimebeba mkoba, na neno la kwanza la mama yangu lilikuwa limekwenda kwa mtu mwingine, hata kama lilikuwa la kumfukuza.

*

Wakati wa kuvuna ufuta Mtani aliondoka. Alikuwa na shamba upande wa Ruangwa, kule Mbwemkuru, na ufuta haumsubiri mtu. Ukichelewa unapasuka na kumwaga mbegu ardhini. Alimuaga mama kwa kumwambia, "Nakwenda kutafuta mtani mwenye miguu." Mimi nilikuja kushika nafasi yake. Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo kwenye basi. Nilikwenda kumchukua mama yangu.

Nilifanya kila kitu nilichokuwa nimemwona akifanya. Nilitundika kanga mlangoni. Nilimgeuza kwa wakati. Nilimwosha, na mikono yangu ilijua mahali pa kupita. Mama alinivumilia. Hilo ndilo neno. Alifumba macho nikimvua nguo, akayafumbua nikimaliza. Chakula alikula vijiko vichache kisha akafunga mdomo, na siku zilivyozidi kwenda vijiko vikazidi kupungua. Mifupa ya bega ilianza kuonekana. Wifi alinitazama bila kusema, na kaka akasema bila kunitazama, "Hali vizuri huyu."

Mchana mmoja, uji umepoa mara ya pili, nikaamua. Nilijua maneno. Nilikuwa nimeyasikia yote nikiwa kwenye kochi. Nikachota uji, nikauonja mwenyewe, nikaunyanyua, nikasema kwa ile sauti ya juu ya Mtani:

"Kula, wewe kibibi kilafi. Au unataka nikuite gunia?"

Nilitabasamu nikisubiri.

Uso wa mama ulifunga. Sijaona uso ukifunga namna ile, kama duka linalofungwa mteja akiwa ndani. Chozi likatoka jicho la upande wa kulia, lile ambalo halikuwa likitii kitu, likashuka mpaka shingoni. Wifi aliyekuwa mlangoni aliweka mkono mdomoni akaondoka. Mama alihangaika muda mrefu kutafuta neno. Nilisubiri nimeshika kijiko.

"Wewe," alisema. Akapumzika. "Mwanangu wewe."

Hakulisema kwa hasira. Alinikumbusha tu mimi ni nani, na kwamba nikiwa huyo, mlango ule hauna ufunguo wangu. Ningekuwa mtani, ningecheka naye. Watu husema hakuna kinachopita kuwa mtoto wa mama yako. Mchana ule ningeibadilisha nafasi hiyo na kabila lolote.

Nikampigia Mtani simu. Ilinibidi kumeza mengi kabla ya kubonyeza. Alikuwa shambani, nilisikia watu wakipiga ufuta.

"Mama hali chakula," nikamwambia.

"Anakula nini yule kama si wewe? Weka simu karibu na sikio lake. Hapana, iweke sauti kubwa, wote msikie."

Nikaweka. Kutoka kwenye simu ile ndogo likaanza kumwagika tusi baada ya tusi: kuhusu kichwa cha mama, kuhusu Wamwera wote tangu walipoumbwa, kuhusu ndevu za babu yake ambaye hakuna aliyemjua. Mama aliikodolea simu macho. Mdomo ukafunguka kwa kicheko. Na mimi, kila ulipofunguka, nikaingiza kijiko.

Bakuli liliisha. Siku zilizobaki za mavuno tulikula hivyo: sauti yake, mkono wangu.

*

Mama alifariki asubuhi, mikononi mwa Mtani, mimi nikiwa njiani. Kaka aliniambia kwenye simu, nikashuka kwenye basi mahali pasipo stendi, nikapanda tena. Nilichowaza, Mungu anisamehe, si kwamba mama amekufa. Niliwaza: hata hilo amelipata yeye.

Kwenye msiba, Mtani hakulia. Wakati jeneza linatolewa, alilala chini mlangoni, mzima mzima, akazuia njia. "Hapiti mtu. Jana nilimtukana, hajanijibu. Anakwenda wapi na jibu langu?" Shehe alikunja uso, maana mazishi hayapendi kucheleweshwa, lakini wazee wa Mkotokuyana walijua la kufanya. Wakamsihi, wakamtupia sarafu, wakamwita majina. Ndipo aliponyanyuka.

Akajifunga kanga ya mama. Akavuta mguu wa kulia. Akakunja mkono wa kulia kifuani, vidole vimejifinya kama vinashika uzi. Akavuta mdomo upande. Na mama yangu akapita uani.

Watu walishika vichwa. Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Mjomba mmoja alikaa chini kabisa. Nimejaribu mara nyingi kumweka mama kwenye karatasi, na kwenye karatasi hakai, huondoka kabla sentensi haijaisha. Kwa mwanamke yule alikaa. Alinijia karibu, akaniinulia ule mkono wa kushoto unaotetemeka, akaniambia kwa sauti ya mama, na mapumziko ya mama katikati: "Wewe. Mwanangu wewe."

Maneno yale yalikuwa yangu. Siku niliyoambiwa, Mtani alikuwa shambani Mbwemkuru, na simu nilikuwa bado sijampigia. Mama alikuwa amemsimulia, kwa maneno yale machache aliyokuwa nayo. Nilicheka na wengine kwa sababu mtu hanuni mbele ya mtani, kisha nikaingia ndani.

Kitandani pale patupu ndipo wazo lilipokuja, na lilinituliza zaidi ya pole zote. Mama aliyeigizwa alikuwa wa kitandani. Yule mwingine, aliyetoka shamba na kapu la mbaazi, aliyekimbizana na mvua ili aanue nguo, Mtani hakumjua. Huyo alibaki wangu.

*

Mara ya mwisho nilimwona Ruangwa. Arobaini ilikuwa imepita bila yeye. Alikuwa amepata mtu mwingine wa kumlea. Kaka alinipa kanga mbili za mama nimpelekee, kwa kuwa mtani hatoki mikono mitupu, nami nikapanda bodaboda kutoka mjini mpaka huko Mbwemkuru.

Nilimkuta uani anamnyoa ndevu mwanamume aliyekaa kwenye kiti, miguu yake myembamba imefunikwa shuka. Alianguka kutoka kwenye mkorosho miaka iliyopita, na tangu hapo hajasimama. Mmwera naye. Mtani alikuwa akimwambia atulie, la sivyo atakatwa masikio yakauzwe kama korosho ghafi. Niliumia kwa ajili ya mama. Nilidhani atakaa muda kidogo kabla ya kumtukana mtu mwingine.

"Huyu ndiye binti wa yule mama wa Nachingwea?" mwanamume aliuliza, povu kidevuni. "Dada, tafadhali zungumza na mtu wako. Sina raha. Kutwa ananilinganisha na mama yako. Eti yule hata bila ulimi alijua kujibu, mimi nina ulimi mzima naleta porojo."

"Uongo?" Mtani alisema. "Jibu basi."

Alizipokea kanga, akazinusa, akazivaa zote mbili papo hapo, moja juu ya nyingine. Akamaliza kumnyoa. Akaniletea ming'oko, ile mizizi ya porini, imechemshwa, kwenye sahani. Tulikula. Alikuwa amekonda, na kimya kimemwingia katikati ya maneno, kitu ambacho hakikuwepo.

"Nikuulize kitu, mtoto wewe," alisema hatimaye. Hakuwa na ile sauti ya utani. "Alikuwa anatembeaje?"

"Nani?"

"Mtani wangu. Mimi nimemkuta amelala. Nimemshika kila mahali, hakuna nisipopajua. Lakini sijamwona akitembea. Nilimuuliza kaka yako, akasema alitembea kama watu. Wanaume hawaoni kitu." Alinitazama, na nikakijua nilichokiona machoni pake, maana nilikuwa nimekaa nacho miaka yote ile. "Wewe ulimwona akija. Ulikuwa mdogo, unamwona anakuja, unamjua tangu mbali. Ulimjuaje?"

Nilitaka kusema sikumbuki. Badala yake nilinyanyuka. Nilikwenda mpaka mwisho wa ua, kwenye mihogo, nikageuka.

Mama alitembea bega la kushoto likitangulia, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Mkono mmoja ulishika fundo la kanga kiunoni, ule mwingine ulipepea nyuma kidogo, peke yake, kama unaita mtu. Hatua fupi, za haraka, kidevu juu. Nilitembea hivyo kutoka kwenye mihogo hadi walipokaa, na katikati ya ua nikamhisi miguuni mwangu, nikaogopa kusimama.

Mtani alikuwa ameweka mikono yote miwili mdomoni.

"Kumbe," alisema. "Kumbe alikuwa na haraka."

Kisha akanyanyuka yeye. Akavuta pumzi, akainua kidevu, akaanza. Hatua alizipata. Lakini alitanguliza bega la kulia, na mikono yote miwili ilipepea. Mwanamume wa kwenye kiti alipiga makofi. Mtani akageuka kwenye mihogo, jasho usoni, akaniuliza kwa wasiwasi wa mtu anayetaka sana kupatia:

"Hivi?"

Nilimtazama. Ilikuwa rahisi kumrekebisha, neno moja tu, bega.

"Hivyo hivyo," nikamwambia.

Akaendelea kwenda na kurudi uani, amefurahi, bega la kulia mbele, nami nikamwacha.